Neno la Ofisi Katika Kijiji cha Wakwe

Kabambare, Jumanne. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, sasa jua limetoka kali na barabara inafuka mvuke. Mimi nasikia baridi.

Naogopa. Niliandike hilo kwanza, nisije nikazungukazunguka kama kawaida yetu makarani.

Asubuhi Bwana Mkubwa, Mbelgiji anayetawala hapa, alinipa karatasi ya Kifaransa niitafsiri. Keshokutwa nitaisoma kwa Kiswahili mbele ya watu wa kijiji kimoja karibu na Lusangi: watoke kule mtoni, wakajenge kandokando ya barabara. Juu kabisa ya karatasi pameandikwa neno moja, amelioration. Kijiji hicho ni cha wakwe zangu.

Neno hili tunajuana. Mwaka jana nilimuuliza Mama wa misheni, ambaye ni Mwingereza, nikitumaini kwamba kwao lina maana nyingine. Akasema hata kwa Kiingereza lipo na wanaliandika hivyo hivyo: maana yake ni kukifanya kitu kiwe afadhali kuliko kilivyokuwa. Halafu akaongeza jambo ambalo sijalisahau. Neno hili halikai nyumbani. Mtu hamwambii mkewe kwamba mchuzi wa leo umepata amelioration. Ni la ofisini, la barua na ripoti. Tena halisemwi juu ya kitu kizuri. Lazima pawe na ubaya kwanza, ndipo liingie.

Kwa hiyo anayeliandika juu ya kijiji ameshakihukumu.

Aliponieleza hayo nilikuwa nimeshaharibu. Katika kijiji kingine, upande wa Kasongo, nilisimama na karatasi kama hii nikalisoma neno lile kwa sauti tamu: Bula Matari, yaani serikali ya Wabelgiji, anawaletea hali bora. Mstari wa chini, unaosema nyumba za zamani zichomwe siku ile ile ili mtu asirudi, niliupitia harakaharaka. Sikusema uongo. Niliona aibu tu, na nilipenda kupendwa. Watu wakapiga makofi. Mchana askari wakapita na moto, na mahindi ya mbegu yalikuwa bado yananing'inia jikoni juu ya mafiga, pale tunapoyakausha sote kwa moshi. Msimu ule hawakuwa na cha kupanda.

Walikuwa wameuamini ulimi wangu.

Na sasa mama mkwe. Miaka minne tangu nimwoe binti yake, sijamtazama usoni hata mara moja. Ndiyo heshima yetu: nikimwona njiani naingia majanini mpaka apite, naye hujifunika uso kwa kitambaa. Tukiwa na la kuambiana, mke wangu hulipeleka na kuleta jibu. Keshokutwa nitasimama mbele yake na kumwambia kwa mdomo wangu kwamba nyumba yake ni mbaya na itachomwa. Maana mstari ule wa moto umo hata katika karatasi hii.

Nikingoja mpaka siku yenyewe, hata nikisoma wazi, hawatapata muda wa kuokoa chakula. Nikiwaambia mapema, hiyo ni siri ya ofisi. Karani aliyekuwa hapa kabla yangu alitoa siri. Alichapwa kiboko mbele ya bendera, akapelekwa gerezani, na mpaka leo hajarudi.

Saa sita nilikwenda nyumbani kula, nikaisogeza sahani pembeni. Mke wangu akaniangalia.

"Baba Zaina, iko nini?"

Nikamwambia yote. Hakulia.

"Mama anajua?"

"Hajui bado."

"Basi nitaenda. Neno yako kwa mama, ni mimi napelekaka."

"Na askari wa njiani akiuliza?"

"Nitasema mama iko mugonjwa."

Akamfunga Zaina mgongoni, akachukua ndizi zilizochemshwa, akaondoka kwa miguu. Akitembea vizuri atafika kesho jioni. Nilimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, na kwa mara ya kwanza leo nikapumua.

Nikarudi ofisini. Bwana Mkubwa akaniita, akafunga mlango. Kiswahili chake ni cha kuvunjavunja lakini nilikielewa chote.

"Karani, kijiji ingine watu walikimbia na vitu kwa pori. Safari hii, ukisha kusoma, mimi na wewe tunaingia nyumba moja moja. Nikikuta nyumba tupu, nitajua mutu alisema. Karatasi hii, wewe na mimi tu tumesoma."

Nikasema ndiyo, Bwana. Sijui nilitokaje mle ndani.

Tangu nimerudi nyumbani nimevaa viatu mara mbili, nikavivua. Njia ni matope, ana mtoto mgongoni, hajafika mbali. Nikikimbia sasa nitamkuta kabla giza halijaingia. Nitamwambia nini? Mama yako na aungue na mbegu zake ili mimi nisichapwe? Aibu hii siiwezi, na uoga sijui kama nitauweza.

Hapana, sitamrudisha.

Wino umedondoka karatasini. Ee Mungu, nyumba zile tuzikute tupu. Tukizikuta tupu, tutakuwa wawili tu tuliojua karatasi inasema nini, na mwenye askari ni yeye.