Kamba ya Barakoa

Chumba cha Mapumziko,
Idara ya Usingizi, Hospitali Kuu.
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Presha inaendeleaje? Na wifi hajambo, bado anakuficha chumvi? Mwache akufiche, ni kwa faida yako. Huku tu wazima, japo uzima wa siku hizi tunauomba kwa Mungu kila asubuhi.

Nikutoe wasiwasi kwanza: binti yako Chiriku hajambo kabisa. Anakula vizuri na bado anacheka hadi jirani anagonga ukuta. Nimeanza na hilo makusudi, maana yanayofuata hayanipi raha kuyaandika.

Watu hudhani sisi madaktari wa usingizi kazi yetu ni kumlaza mgonjwa kwa dawa kabla ya upasuaji, kisha tukae pembeni tunywe chai. Katika maradhi haya mapya ya mapafu, yanayoambukiza kwa pumzi, mgonjwa akishindwa kupumua, ni sisi tunaomtia mpira kooni ili mashine impumulie. Unakuwa uso kwa uso na kinywa chake, na pumzi yake yote inakujia wewe. Ndiyo maana tulijiandaa kabla mgonjwa wa kwanza hajaletwa. Mimi nikiwa mkuu wa idara, niliweka kanuni kwamba aingie yule mwenye mkono hodari kuliko wote, ili mpira uingie mara moja.

Tukafanya mazoezi kwa sanamu, tumevaa mavazi ya kinga, jasho linatutiririka. Mkono hodari ukawa wa binti yako. Nilimfundisha mimi, Kaka, na siku ile nilijuta kumfundisha vizuri. Nilikumbuka ulivyonishika bega ulipomleta: "Huyu ndiye mboni ya jicho langu. Nitunzie."

Ikabaki kupima barakoa. Mtu huvaa barakoa, akafunikwa kichwa kwa kofia kubwa ya plastiki, kisha tunapuliza dawa chungu ndani yake. Akisikia uchungu mdomoni, barakoa inavuja, naye haruhusiwi kuingia kwa wagonjwa. Ya Chiriku ilimkaa barabara. Nikajifanya namweka nywele sawa kisogoni, nikailegeza kamba. Nilipopuliza akakunja uso, akakohoa.

"Chungu, Shangazi."

Nikambadilishia barakoa, nikarudia ujanja uleule. Nikamwondoa kikosini. Alilia, nami nikambembeleza. Fikiria, Kaka, eti nikambembeleza!

Nafasi yake nikaichukua mimi. Mgonjwa alikuwa fundi mwashi, kucha zake bado zina saruji. Miwani yangu ikajaa ukungu, na macho yenyewe unayajua. Nikajaribu, mpira ukakataa. Nikajaribu tena, huku mashine inalia kwamba oksijeni inamwishia. Hatimaye mpira uliingia, lakini alikuwa amekaa mno bila hewa. Hadi leo hajaamka. Mkewe hushinda kwenye benchi la nje, na kila nikipita huinuka kunishukuru. Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Chiriku aliyaona yote kupitia kioo cha mlango. Njia ya mwongo ni fupi. Alikwenda akaivaa ile barakoa peke yake, ikamkaa. Akanifuata chumba cha kubadilishia nguo akiwa nayo mkononi.

"Shangazi, hivi hii kamba hujilegeza yenyewe?"

Machozi yalinitangulia. Nilingoja anitukane, naye akaketi kando yangu.

"Baba alikwambia unitunze. Hakukwambia unifiche hadi mgonjwa aumie."



Jana niliwaeleza wenzangu nilichofanya. Wamenivua ukuu wa idara, na wana haki. Kisha wakataka Chiriku apimwe upya na mtu mwingine. Akakataa, mkaidi kama wewe, mtoto wa nyoka ni nyoka. "Anifunge Shangazi," akasema. Nikafunga kamba, nikapuliza. Nikamwuliza anasikia nini.

"Sisikii kitu, Shangazi."

Kesho anaingia kwa wagonjwa, nami nitasimama pembeni kumpa vifaa. Lakini kwanza nitakwenda kwenye lile benchi nimwambie yule mama ukweli. Kwako naomba radhi kwa kuivunja ahadi yetu. Kwake yeye sijui nitaombaje, kwa sababu mumewe aliumia nilipokuwa naitimiza.

Nisalimie wifi, mama mkwe wako na wale mapacha watundu. Mungu awafunike nyote, na amfunike zaidi huyu anayeingia kesho.

Akipiga simu, usimwulize kama barakoa inamkaa. Inamkaa, Kaka. Kamba nimeifunga mimi.

Wako akupendaye, mwenye aibu yake,
Mdogo wako.