Keki ya Maji ya Maharage

Mdogo wangu mpendwa Juma,

Joto la Bujumbura linanichemsha, lakini siondoki jikoni kwa shangazi Zaituni. Kazini kwake wanachunguza protini za mimea zinazoweza kushika nafasi ya mayai, nami nilimwomba anifundishe keki isiyo na mayai, isiyokuvimbisha mdomo.

Nilipiga maji mazito yaliyochemshiwa maharage hadi mkono ukafa ganzi. Povu likapanda kidogo, likanywea. Binamu yetu Salma akacheka: "We dada, mi apana kula sabuni!"

Shangazi akapitisha kidole ndani ya bakuli, kikatoka chekundu. Kumbe lilikuwa bakuli la mafuta ya mawese! Akaeleza kwamba protini hujikunjua na kushikana kuzunguka viputo vya hewa, ila mafuta huziwahi na kushika nafasi hiyo. Nikalisugua bakuli kwa sabuni na ndimu, nikapiga upya. Povu likasimama jeupe kama pamba. Nililipindua bakuli juu ya kichwa cha Salma, akapiga yowe, na halikudondoka hata tone!

Tukalichanganya na unga na sukari, tukaoka. Keki imeiva, na Salma amejikatia kipande kikubwa kuliko changu. Siku yako ya kuzaliwa hutawakatia wageni keki huku ukiwatazama wakitafuna. Wewe ndiye utakayeanza kula.

Nakukumbatia sana, mbusu mama.

Dada yako, Rehema