Chupa ya Dawa mu Mufuko ya Mawe

Kolwezi, Jumamosi, siku ya posho

Mudogo wangu Anyesi,

Uko muzima? Mugongo inakuacha ulale? Na mihogo umeshatoa mu maji, ao unangoja ioze kabisa? Mi niko. Magoti inauma, lakini kinywa inafanya kazi, utaona. Niko naandika mi mwenyewe, na ile masomo yangu ya miaka tatu kwa bamasista, juu maneno ya humu ni ya nyumba yetu. Kama herufi inalala, na weye inama.

Barua yako ilifika na ule mama wa treni, anayeuzisha unga. Unaniambia: "Yaya, rudisha ule muke ya Kapend kwao, ameleta bugonjwa mu nyumba." Anyesi, haukuona haya? Jibu ni hapana. Odila ni mukamwana wangu, anabaki. Sasa kaa chini nikueleze, juu bale balikuletea habari balikula nyama, bakakuletea mufupa.

Mimba ya Odila ilikuwa ya miezi ine wakati balimupima damu ku hospitali, bakakuta virusi. Kapend, mutoto yangu, alipimwa kisha, na yeye iko nayo. Nani alimuletea mwenzake, mi sikuuliza, na weye usiulize. Mama muganga wa hospitali akaniita. Nikamuambia: "Basi mutoto amekwisha kufa."

Akanijibu: "Nkambo, bibi yangu, nani amekufa? Odila atameza kinini, kidonge ya virusi, kila siku. Mutoto akizaliwa atapewa dawa ya maji kila siku, juma sita. Na atanyonya ziwa tu, hakuna uji, hakuna maji. Tukifanya vile, anaweza kutoka muzima."

"Hakuna maji? Na hii jua?"

"Hata maji, nkambo. Na ile mizizi yenu ya kufungua tumbo, muiache."

Kwa hiyo ile mizizi ulinitumia, nilitupa. Usinune.

Mutoto akazaliwa, kijana, kichwa ya baba yake kabisa, masikini. Bakatupa kachupa kadogo ka dawa. Sasa sikia bujinga yangu. Kule ku kilima ya bachimbaji nyumba yetu ilikuwa ya bâche, turubai tu. Jirani akikohoa unamuambia pole bila kusimama. Nikawa na haya. Nikaficha kachupa mu mufuko ya mawe ya Kapend, ile ya kobalti, ndani kabisa, nimeifunga mu kitambaa. Kwa bachimbaji, mufuko ya mwenzako usiifungue. Kuku yake utaiba, lakini mufuko, hapana. Nikajiona mwenye akili. Kila asubui ninatoa, ninarudisha. Odila aliniambia: "Mama, tuweke karibu na mulango, tusisahau." Nikamufokea: "Unataka batu bote bajue?" Akarudi kupika. Ule mukamwana ananyamaza sana, nilifikiri ni bupumbavu.

Wakati ule bei ya mawe ilikuwa imeanguka, nyumba za kununulia mawe zinafungwa moja moja. Kisha batu ba mwenye kilima bakatuambia kilima si yetu, tutoke. Asubui moja balinzi bakakuja na malori, bakakata mabâche. Tukatoa sufuria, godoro, mutoto. Lakini mifuko yote ya mawe bakaipakia bo wenyewe mu lori, bakasema mawe ni ya mwenye kilima. Na mi niko nahesabu masahani! Ni Odila alipiga kelele: "Mama, dawa!"

Nikakimbia na haya magoti, nikakamata mulinzi mukono. "Tata, baba yangu, mu mufuko moja muko dawa ya mutoto."

"Dawa ya nini?"

"Ya kikohozi."

Akacheka. "Nkambo, nenda utafute ingine. Leo bamama bote bako na kitu mu mufuko."

Lori ikaanza kunguruma. Nilimutukana mpaka ukoo yake, Mungu anisamehe, lakini si yote. Hapo Odila akasogea, mutoto mu mugongo. Hakulia. Akasema na sauti, mpaka bale ba nyuma bakasikia:

"Tata, si kikohozi. Mi niko na virusi ya sida, ule ukimwi. Ile dawa inamulinda mutoto yangu asikamate. Juma sita hazijaisha. Fungua mufuko."

Batu bote bakageuka. Mi nilitaka buloba ya chini ifunguke inimeze. Kisha Mama Shantali, ule jirani mwenye kinywa kuliko yangu, ule nilikuwa ninamuficha kuliko bote, akapanda mu lori na viatu yake mukononi. "Odila, mufuko gani?"

"Ya kamba ya bluu."

Bluu zilikuwa nyingi. Mulinzi mwenyewe akatoa kisu, akakata kamba. Mawe yakamwagika mu vumbi. Ku mufuko ya ine, kachupa kakatoka, kazima. Odila akakaa pale chini, akamupa mutoto dawa, kisha ziwa. Mulinzi akasimamisha lori mpaka akamaliza.

Siku ile niliomba mukamwana wangu musamaha. Ile neno hata marehemu bwana yangu hakuisikia kwa kinywa yangu.

Sasa tunalala mu chumba moja nyuma ya kanisa. Kapend anafyatua matofali, tunakula mara moja, siku ingine mara mbili. Lakini damu ya mutoto ilipelekwa mbali kupimwa, tukangoja mpaka nikachoka kusali, na juma iliyopita mama muganga akatuita: haina virusi. Batapima tena akiachishwa ziwa, ndiyo batasema neno ya mwisho. Odila hakosi kinini hata siku moja, na mi ndiye ninamukumbusha, hata mbele ya bageni. Ninamushukuru Mungu, ninamushukuru mama muganga, na Mama Shantali, na hata ule mulinzi ambaye sijui jina yake.

Unisalimie bwana yako, fundi ya baiskeli. Unisalimie kaka yetu wa stesheni, umuambie apunguze tumbako. Unisalimie shangazi anayeuzisha mawese. Na binti yako Bea: unaandika iko na mimba na hajafika ku hospitali hata mara moja, juu bwana yake hapendi. Mupeleke apimwe. Bwana akikataa, mupeleke na yeye. Kama banakuta kitu, usilie na usifiche. Niandikie, nitapanda treni, nitakaa naye zile juma sita zote, na dawa tutaiweka juu ya meza.

Karatasi imeisha, maneno bado.

Yaya yako,
Veronika