Nyumba Moja, Ajira Moja

Jumatatu, 7 Januari 1980

Mkutano wa wafanyakazi. Ndugu Meneja Ponsiano alipanda juu ya kasha la risasi, kwa sababu ni mfupi na kwa sababu makasha yapo. Yamejaa ghalani, yamejaa koridoni, mengine yako nje ya choo cha wanawake yamefunikwa turubai. Vita vimekwisha mwaka jana na jeshi halitaki tena mzigo wetu. Wakati wa vita tulifanya kazi hadi sikukuu, tukaitwa mashujaa. Leo tumekuwa "gharama za uendeshaji".

Tukaambiwa tushukuru, nchi ina amani. Tukapiga makofi. Amani hiyo ndiyo inayotutoa kazini, lakini makofi tumepiga.

Kuna habari njema pia. Mashine zilizokuwa zikitengeneza maganda ya risasi sasa zitatengeneza bizimu, zile za kufungia mkanda kiunoni. Redio inatuhimiza tufunge mikanda miezi kumi na minane, basi kiwanda chetu cha Visiga kitalipatia taifa bizimu. Mikanda yenyewe itatoka wapi, hakusema.

Alhamisi, 10 Januari

Kiwanda hakifukuzi mtu. Kinampumzisha. Watakaopumzika kwanza ni mke na mume wanaofanya kazi hapa wote wawili, mmoja wao atoke. Nyumba moja, ajira moja – Meneja alilitamka kama aya. "Na ndani ya nyumba," akaongeza, "sote tunajua nani anafaa kubaki na watoto." Wanaume wakacheka. Mke wake mwenyewe ni mpiga chapa ofisini kwake, lakini yeye, tumeelezwa, yuko chini ya wizara. Hayuko chini ya nyumba.

Mimi nakagua maganda tangu kiwanda kifunguliwe. Mfaume, mume wangu, ni mlinzi wa geti. Mshahara wangu umeupita wake, jambo ambalo kwetu halitamkwi, kama jina la ugonjwa mbaya.

Jioni nikamuuliza: kama ni mmoja, kwa nini asiwe yeye? Akaniangalia kama amenikamata na shaba ya kiwanda mfukoni.

"Mwanamume akae nyumbani afanye nini, Sikuzani?"

"Anachofanya getini. Akae."

Hakula.

Jumamosi, 12 Januari

Mfaume amepata wazo. Aniache. Talaka moja tu, ya kurejea. Tukishaachana tunakuwa nyumba mbili, kila nyumba na ajira yake. Mambo yakitulia, kabla eda haijaisha, ananirejea. Alinieleza kwa furaha, kama mtu aliyeona tundu kwenye uzio wa kiwanda.

Bertha wa mashine ya pili ameshapumzishwa tangu jana. Yeye na Wilfred wake walifunga ndoa kanisani, na padre hana talaka hata ya kuazima. Alikuja kuniaga, nikamwambia mpango wetu. "Nyinyi Waislamu mna bahati," akasema, akalia. Sikujua kama ni pongezi.

Jumapili, 13 Januari

Tumekwenda kwa Sheikh Mwishehe. Mfaume akamweleza kuwa huu ni mpango wa kazi tu. Sheikh akavua miwani. Akasema talaka haina mpango wala mzaha, ukiitamka imeshuka. Akatufafanulia taratibu: nitakapoiona hedhi ya tatu, eda imekwisha. Kabla ya hapo Mfaume anaweza kunirejea kwa neno lake mbele ya mashahidi, na mimi siulizwi. Baada ya hapo ni ndoa mpya kabisa – posa, mahari, na ridhaa yangu.

"Mmeelewa?"

Mfaume alisema ameelewa kabla Sheikh hajamaliza.

Akatamka. Kwa sauti ile ile ya "Onyesha kitambulisho."

Nilidhani nitacheka. Sikucheka. Kurudi tulitembea barabarani hatujui nani atangulie.

Jumanne, 15 Januari

Meneja ametupokea mmoja mmoja. Kwangu alitikisa kichwa. "Pole sana, dada. Hizi kazi za viwandani zinavunja ndoa." Hajawahi kusema kweli kama leo.

Tumebaki kazini wote wawili. Mfaume amehamia kwa dada yake Mlandizi ili watu waamini. Asubuhi anakagua kitambulisho changu getini kwa makini, mbele nyuma, kama hajui jina langu. Binti yetu Mboni alimwona akifunga mzigo akaniuliza, "Mama, na baba naye amepunguzwa?"

Jumapili, 17 Februari

Nimekwenda Kibuta kwa mama. Talaka yangu ameisikia, na haimpendezi, ila kinachomkera zaidi ni kuniona natembea. "Eda ya wapi hii inayopiga kadi kila asubuhi?" Nikasema ya kiwandani. Akaguna.

Nguruwe pori wamemaliza muhogo wake. Wamefukua hadi mbegu aliyopanda juzi. Kijiji kina bunduki moja, anayo Mzee Saburi, jirani yake aliyekuja kunisalimu, lakini risasi hana tangu mwaka jana. Anawafukuza nguruwe kwa kupiga debe. Nguruwe wameshalizoea debe, anasema, wanakula wakilisikiliza.

Mzee akanigeukia. "Si wewe wa kiwanda cha risasi?"

Nikamweleza kuwa zetu ni za jeshi, haziingii kwenye bunduki yake.

"Basi tengenezeni zinazoingia."

Jumanne, 19 Februari

Nimemwambia Meneja habari za Kibuta. Akasema ni wazo zuri, limewahi kuletwa, ila vifaa vya risasi hizo vinatoka Ulaya na fedha za kigeni hakuna. Basi ndivyo tulivyo: risasi tele ambazo hakuna anayezitaka, na watu wanaotaka risasi ambazo hatuna. Mama atakula nini mwezi wa tano, sijui.

Akanionyesha bizimu ya kwanza. Nzito kama kitasa cha mlango. Fundi aliijaribu, suruali ikashuka yenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Nyumba ina nafasi. Naandika haya kwa aibu kidogo. Naamka bila mtu wa kuniuliza maji ya kuoga yako wapi, na maji yapo pale pale siku zote. Nimehamisha kabati. Limekaa vizuri pale lilipo, na miaka yote alikuwa akisema haliwezi kukaa pale.

Mfaume anakuja kila Jumapili kufuata kitu. Mara wembe, mara kandambili. Leo alifuata redio, akaketi kuisikiliza hapa hapa. Amekonda. Shemeji yake Mlandizi anamhesabia matonge.

"Unalalaje?" akaniuliza.

"Katikati."

Akacheka. Alipoondoka nilisikia kikohozi chake hadi barabarani, kile anachokohoa kabla ya kupiga hodi. Kimenikaa kifuani. Redio aliyoifuata ameisahau.

Jumatano, 19 Machi

Bizimu hazinunuliki. Duka la ushirika limezirudisha, limeandika kwamba wananchi wanafungia kamba na wameridhika.

Kwa hiyo duru ya pili. Safari hii Meneja ana huruma: wenye watoto nyumbani wabaki, waanze kuondoka wanaume wasio na familia. "Mseja akirudi shamba hakuna anayelala njaa," akasema. Mfaume, kwa hesabu za ofisi, ni mseja. Mimi ni mwanamke aliyeachwa na ana mtoto. Mimi nimebaki.

Alikwenda ofisini kujieleza kuwa yeye si mseja hasa. Meneja akamuuliza, "Kwa hiyo mwezi wa kwanza ulinidanganya?" Akatoka. Nilimwona kupitia dirisha la ukaguzi akikabidhi rungu na koti la mvua. Akasimama upande wa nje wa geti, upande asiouzoea, akatazama huku na huku. Ile ndiyo kazi aliyoniacha ili asiipoteze.

Nilitaka kumkimbilia. Kengele ya zamu ikalia.

Jumapili, 23 Machi

Mfaume hakuja kufuata kitu. Dada yake amepita sokoni, anasema analala tu, amegeukia ukuta. Nilipika nikamtumia. Bakuli likarudi limeoshwa, bila salamu.

Mama yake, Bi Mwanaamina, anasema mtaani kuwa mimi ndiye niliyepanga yote. Ni kweli nilipiga makofi mkutanoni. Mengine yote ni ya mwanawe.

Jumapili, 30 Machi

Alfajiri nimeiona. Hedhi ya tatu. Nimefua, nimeanika, sikumwambia mtu.

Saa nne hodi. Sheikh Mwishehe, Bi Mwanaamina, wazee wawili wa Mlandizi waliokuja kuwa mashahidi, na nyuma yao Mfaume kwenye shati lake la Idi. Amejikata kidevuni akinyoa. Nikawapa shikamoo, nikatandika mkeka.

Bi Mwanaamina hakungoja hata kuketi. "Mwanangu amekuja kumchukua mkewe. Atamke tuondoke, jua litakuwa kali."

Sheikh akasema lazima aulize kwanza. "Bi Sikuzani, eda yako imekwisha au bado? Neno lako ndilo tutakalolishika. Hakuna mwingine ajuaye."

"Bado," akajibu Bi Mwanaamina. "Itaishaje?"

"Sikukuuliza wewe, mama."

Wakanitazama wote isipokuwa Mfaume, aliyekuwa anatazama kabati lilipohamia. Nikasema niwachemshie chai kwanza.

Naandika jikoni, daftari juu ya goti. Nikisema bado, atatamka neno lake, nami nitakuwa mke wa mtu kabla vikombe havijapoa. Na nitakuwa nimemdanganya Sheikh. Nikisema imekwisha, Mfaume atapaswa kuniposa, na mahari hana, na kazi hana, na mama yake atanitangaza hadi Kisarawe. Tena itabidi niulizwe. Mara ya kwanza alipoposa, walizungumza yeye na baba mdogo. Mimi nilikuwa kisimani, nilirudi na ndoo kichwani nikakuta nimeshapokelewa posa.

Sijui ningejibu nini. Hilo ndilo linalonishangaza. Nimelala katikati miezi miwili na bado kikohozi chake nakijua kati ya vikohozi vya mtaa mzima.

Bi Mwanaamina anauliza kwa sauti ni chai gani hii isiyochemka. Sheikh anasema mwacheni.

Sasa kuna mtu kasimama nyuma ya pazia la jikoni. Naona miguu yake, kandambili zile alizokuja kuzifuata. Hakuingia.

"Sikuzani," anasema. Si sauti ya getini. "Wewe unataka nirudi?"

Chai imefurika, inazima makaa. Sijainuka.