Gunia ya Mupunga na Muguu wa Mujomba

Riziki, mupwa wangu, amani ya Bwana ikukute hapo Kasongo na tumbo lenye kushiba.

Hapa Wamaza mvua inanyesha mupaka bata wanatafuta mwamvuli. Pikipiki ilituangusha ndani ya matope. Dereva alianguka kama gogo; mimi nilishuka kama tai, ila muguu ukavimba kama boga.

Siku ya Mungu ilikuwa matoleo ya mavuno. Mama Shukuru, mukubwa wa wamama wa kanisa, akaniuliza, "Papa, uko namna gani?"

Nikajibu kama kawaida yangu, "Mimi? Muzima kama chuma."

"Mungu asifiwe. Tulikosa mwanaume wa kubeba gunia ya mupunga."

Wakanitwika, ngoma ikalia, nikaanza kucheza kuelekea mazabahu kwa muguu moja. Katikati ya kanisa nikasema kwa sauti, "Bwana, inaniuma." Kanisa nzima ikaitika, "Amina."

Mama Shukuru akanitua gunia, akauliza polepole, "Ni muguu tu?"

Hapo nikasema kwamba tangu muke wangu alikufa, kila jioni bado ninapakua sahani mbili. Nikalia, Riziki. Wamaza haijaona mutu wa kulia vizuri vile; hata mbuzi ya sadaka ilinyamaza.

Wamama wamenikanda na maji ya moto, wamenipa kuku na sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Mungu akufunike na mukono wake. Na ukinipigia simu, usiniulize kama niko muzima. Uliza nimepakua sahani ngapi.

Mujomba wako, Kalume