Kompyuta Haitoki Tangini

Baba Zuhura,

Neno "mpendwa" nimeliandika nikalifuta, kwa hiyo pokea salamu kwa jina la mwanao, inatosha. Ujumbe wako nimeupata. "Mpe mdogo wangu ile gemu yangu ailete Kisarawe, nyie mtabaki na tivii." Loo! Leo imekuwa gemu, tena yako?

Hebu nikukumbushe, maana naona hewa ya kwa mama yako inasahaulisha. Siku ile tulipokaa sebuleni kuamua tununue nini, wewe ulitaka mashine ya gemu ya kuchomeka kwenye tivii, kama zile za kibandani ulikokuwa unashinda na wenzako kila Jumamosi. Mimi nikasema kompyuta. Ukacheka mpaka ukashika mbavu. "Hiyo ya ofisini, mama Zuhura! Unataka tuchape barua za serikali humu ndani?" Nikakwambia mashine yako inajua kazi moja, na ikifa imekufa, maana hapa Kibaha sijamwona fundi wa kuifungua. Kompyuta tutachezea gemu, tutaangalia sinema na mpira, tutasikiliza taarabu, mtoto atasomea, na ikiharibika tunabadilisha kifaa kimoja maisha yanaendelea. Ukakubali shingo upande, na wiki nzima ukawa unaiita "dude la mke wangu".

Dude hilo hilo ndilo lililokurudisha nyumbani. Kibanda ukakiacha mwenyewe, sikukuomba. Unakumbuka ulivyomwekea Zuhura mto kwenye kiti ili aifikie meza? Unakumbuka mama yako alipokuja kututembelea, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama anavyofunika redio yake, nayo inawaka? Ikapata joto, ikazima. Ukapiga ukunga kama umefiwa, mama wa watu akabaki anasema, "Jamani, mie nilikuwa naisitiri na vumbi tu!" Fundi akabadilisha feni, jioni tukaendelea kucheza.

Halafu mji wetu. Ile gemu ya kujenga mji uliyosema ni ya watoto, siku ya pili ukawa huambiliki. Mimi mzaliwa wa Kibaha, wewe wa Kisarawe, tukauita Kibasarawe. Ukajaza viwanja vya mpira mpaka wananchi wakakosa maji, nami nakufuata nyuma na mabomba na zahanati. Kila ukitaka kuinuka, Zuhura anapaza sauti, "Baba, seivu kwanza!" Wewe ulikuwa unasahau tu. Kibandani ulikotoka hakuna kuseivu. Muda ukiisha mwenye kibanda anazima, kesho unaanza upya kama hukuwahi kucheza. Basi likawa neno la nyumbani. Hata ukitoka kwenda dukani mtoto anakufuata mlangoni, "Baba, umeseivu?" Unambusu utosini, unasema, "Nimeseivu."

Na siku uliyoondoka alikuuliza. Ukamjibu hivyo hivyo, ukambusu hivyo hivyo, ukatuaga kwamba unakwenda kumwangalia mama, ana homa. Homa gani hiyo ya tangu masika? Mama yako mwenyewe alinipigia. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaniambia kwa aibu kwamba hajaumwa hata mafua, na kwamba mwanawe amesema harudi tena Kibaha. Mambo ya ndoa yangu nayasikia kwa mama mkwe! Mwanaume mzima, umeshindwa kunitazama usoni, ila nguvu za kudai kompyuta unazo. Nimekukasirikia, na sitaki mtu yeyote aniambie nimeze.

Ingekuwa ni mimi peke yangu, ningelifunga dude lako na waya zake zote, ningempa huyo mdogo wako aondoke nalo. Lakini mwanao kila jioni akimaliza hesabu zake anafungua Kibasarawe. Shule za mji zimejaa, watoto hawana pa kusoma, na hakuna ardhi iliyobaki ila kwenye viwanja vyako. Juzi nikamwambia, "Bomoa kimoja tu, mama." Akanitazama kama nimemtukana.

"Hivyo ni vya baba. Akirudi ataviulizia."

Akaseivu, akazima, akaenda kulala. Mimi nikabaki nimekaa pale pale na hasira zangu, nikalia, sikufichi.

Umeelewa sasa kwa nini haitoki? Usimtume mdogo wako, usimtume mwenye bajaji, wala usinitumie ujumbe mwingine. Ukituma mtu atarudi mikono mitupu, na maneno nitakayompa hutapenda ayarudie mbele ya mama yako. Njoo mwenyewe. Kisarawe si Ulaya. Njoo mchana, mtoto akiwepo, ukae kwenye kiti chako, umwambie kwa mdomo wako kwamba hurudi. Mimi nimejaribu kumwambia, ulimi umekataa, na wala si kazi yangu.

Ukishamwambia, mvibomoe viwanja pamoja, mjenge shule.

Kisha useivu, ndipo uondoke.

Ni mimi, mama wa mwanao,
Tangini, Kibaha