K Isiyotamkwa

Jumanne jioni, Troyeville. Baridi kavu ya Mei. Umeme upo, kwa hiyo sina la kulalamikia.

Mimi ni fundi cherehani kutoka Bukavu. Kiingereza changu nimekiokota hapa Johannesburg, kwa wateja na kwenye vibao vya maduka. Herufi ikiandikwa, naitamka. Kisu, "knife", kwangu ni "kinaifu". Goti, "knee", ni "kinii".

Binti yangu Divine, mwenye miaka kumi na sita, amezaliwa hapa. Mwaka jana, siku ya wazazi, nilimweleza mwalimu wake kwamba mtoto ameumia "kinii". Wanafunzi wawili nyuma yangu wakacheka. Tukiwa njiani kurudi Divine aliniomba, kwa upole kabisa, "Papa, please, siku ingine usiongee."

Siku ya wazazi iliyofuata sikwenda. Nilisingizia kazi.

Leo amerudi na zoezi: Jumamosi ataeleza mbele ya darasa na wazazi jinsi Kiingereza kilivyokua. Alijaribu hotuba yake kwangu huku nikipiga pasi suruali ya mteja. Nilimsikiliza kama mtu anayesikiliza hali ya hewa ya nchi nyingine.

Kumbe watawala waliotoka Ufaransa waliwahi kuikalia Uingereza. Wachungaji walimwita kondoo kwa neno lao, "sheep", lakini nyama yake ilipofika mezani kwa wakubwa ikawa "mutton". Mimi niliyesoma kwa Kifaransa nilicheka: mouton, yaani kondoo! Hata "tailor", fundi kama mimi, ni tailleur. Miaka yote hii nilikuwa nasema Kifaransa kibovu nikidhani ni Kiingereza.

Kisha akafika kwenye K ya "knife" na "knee", ile inayoandikwa bila kutamkwa. Akasimama.

"Eish, Papa. Zamani walikuwa wanaitamka. Kama wewe."

Akaomba nije Jumamosi, nisome maneno hayo kwa sauti, watu wasikie Kiingereza cha kale. Niliumia kwanza, kisha nikafurahi. Aliyekuwa ananificha sasa anataka kunionyesha, kama chungu cha makumbusho.

Akaendelea kusoma. Sauti ile haikufa kwa siku moja, alisema. Wazazi waliitamka, watoto wakaona ni taabu, wakaiacha. Ikabaki kwenye maandishi tu.

Hapo ndipo iliponichoma.

Kiswahili nyumbani kwangu ni hiyo K. Kipo, Divine anakielewa chote, ila hakitamkwi. Namsemesha, ananijibu kwa Kiingereza. Mama yangu akipiga simu kila Jumapili, mimi ndiye mkalimani wa bibi na mjukuu wake. Divine husema "hello, Granny", kisha hukimbilia chumbani. Na mimi nimeliacha hivyo kwa sababu ni rahisi.

Sikumlaumu. Nilimpa sharti tu: nitasoma Jumamosi, naye Jumapili azungumze na bibi yake kwa Kiswahili, bila mimi katikati. Akauliza kama atachekwa akikosea. Nikamwambia huenda. Mimi nilichekwa na bado nashona.

Amekubali. Sasa namsikia chumbani akirudiarudia neno la kwanza, lile ambalo kwetu tunamwitia bibi.

Koko.

K mbili, na zote zinasikika hadi huku kwenye cherehani.